Bajeti ya kaunti: isome kabla hujapeleka mzigo

Wengi wenu mnaolima biashara mnajua bei ya kreti ya nyanya Jumanne na Ijumaa. Lakini nikiuliza bajeti ya kaunti imetenga nini kwa kilimo, kimya. Tuongee hiyo leo, maana Katiba ya 2010 iligatua kilimo. Ugani, huduma za mifugo, josho, masoko na barabara za mashambani ziko kwa kaunti. Hata mshahara wa afisa ugani kama mimi unatoka humo humo.

Pesa inatoka wapi

Sehemu kubwa hutoka serikali kuu. Katiba inasema kaunti zote 47 zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Nyingine kaunti inakusanya yenyewe: leseni, ada za soko, maegesho, na ushuru wa mazao, ule unaolipa ukisafirisha viazi. Kwa hivyo usiseme ni pesa ya serikali. Yako imo.

Namba mbili za kuangalia kwanza

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Anza hapo. Mishahara ikipita mpaka, kitu kingine lazima kibanwe, na mara nyingi kinachobanwa ni kile kisicholalamika: josho, mfereji, pikipiki ya afisa ugani.

Halafu kumbuka, kutengwa si kutumika. Tuseme wadi yako imetengewa shilingi milioni 10 za kisima. Tafuta tarakimu mbili zaidi: zilizotolewa ni ngapi, na zilizotumika ni ngapi. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na ziko kwenye tovuti yake. Ukiona milioni 10 zimetengwa na sifuri imetumika, hicho kisima kiko kwenye karatasi tu.

Deni la kaunti linakaa wapi

Kaunti haiwezi kukopa hivi hivi. Katiba inataka serikali kuu iwe mdhamini na bunge la kaunti liidhinishe. Sasa deni linajificha kwenye bili ambazo hazijalipwa. Kufikia mwisho wa Juni 2024, bili za kaunti zote zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 180.

Hapa ndipo kijana mkulima anaumia. Umepeleka miche, maziwa au mboga, umepewa karatasi ya kupokea mzigo, umeambiwa ngoja. Kila mwezi unaongoja, kaunti imekukopa bila riba, na wewe pengine ulikopa kwa riba ili ununue mbegu. Kwa hivyo kabla ya kukubali tenda, angalia bili za idara hiyo zimerundikana kiasi gani, na kama zinapanda au zinashuka mwaka hadi mwaka. Kama zinapanda, usiweke mzigo wako wote hapo. Tafuta mnunuzi mwingine wa kukupa pesa ya kuzungusha.

Na deni la taifa je?

Mwaka 2013 deni la taifa lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Kufikia 2023 lilikuwa limepita trilioni 10. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 la mwaka 2014 lililokuwa linaiva Juni. Mkopo ule wa kwanza riba yake ilikuwa chini ya asilimia 7.

Kukopa kwenyewe si kosa. Ukikopa ununue ng'ombe wa maziwa, ng'ombe atalipa. Ukikopa ununue unga, unga unaisha na deni linabaki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Linakufikia vipi shambani? Mwaka huo huo wa 2024, serikali ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 16 kwa mikopo yake ya muda mfupi ya hapa nyumbani. Benki ikipata riba hiyo bila kutoka ofisini, mbona ihangaike na wewe unayetegemea mvua? Ikikubali kukukopesha, itakutoza zaidi.

Kalenda yako

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti. Mradi ukikosekana hapa, kuuingiza baadaye ni kazi.
- Februari 28: karatasi ya mwelekeo wa fedha, inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yanawasilishwa.
- Juni 30: bajeti iwe imepitishwa.

Umma una haki ya kushirikishwa. Tatizo ni kwamba vikao hujaa wazee na wanaotaka nauli, vijana mko shambani. Nendeni watano kutoka kikundi chenu, na ombi moja lililoandikwa: mradi gani, wadi gani, gharama gani. MCA akisema pesa hakuna, muulize ni kifungu gani kimeongezwa mwaka huu. Mkinyimwa nyaraka, sheria ya kupata habari ya 2016 inawaruhusu kuomba kwa maandishi.

Wiki hii tafuta ripoti ya kaunti yako, fungua ukurasa wa idara ya kilimo, linganisha kilichotengwa na kilichotumika. Andika namba hizo mbili, ulete kwenye mkutano wa kikundi.