Bomba la Sumu Si Bomba la Kuogea



Msimu wa pamba uliopita, saa kumi jioni, kijana mmoja aliletwa kwenye zahanati yetu. Alipakiwa nyuma ya baiskeli. Mwenzake alimshikilia ili asianguke. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mate yalimtoka mdomoni kama mtoto anayeota meno. Njiani alikuwa ametapika mara tatu. Nilipomtazama macho, mboni zake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Misuli ya mikono ilikuwa inachezacheza yenyewe.

Nikamwuliza mwenzake, "Amekunywa nini?"

Akajibu, "Hakunywa kitu. Alioga tu."

Vijana hawa walikuwa wanalala kwenye kibanda shambani, mbali na kijiji. Asubuhi walinyunyiza pamba. Mchana walisuuza bomba la mgongoni, wakalijaza maji safi. Mmoja akawa anapiga bomba, mwingine anaoga. Maji yalitoka laini kama mvua ya manyunyu. Yule kijana alijipaka sabuni, akaosha kichwa, uso na mwili mzima. Mwenzake alinusurika kwa sababu maji yaliisha kabla ya zamu yake.

Tulimvua nguo, tukamwosha kwa maji mengi na sabuni, tukampa huduma ya kwanza, kisha tukamkimbiza hospitali. Alikaa huko siku kadhaa. Namshukuru Mungu, alirudi nyumbani akiwa mzima.

Aliporudi, mama yake alikuja zahanati. Nikamwambia, "Mama, mabomba yale yana sumu. Waambie vijana wakaoge lamboni."

Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, lambo lile ndilo lililomkojoza damu kaka yake. Sasa waogee nini huko shambani?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemtoa mtu kwenye moto nikamtupa majini kwenye mamba. Makala hii ni jibu langu kwa mama yule. Ni jibu pia kwa kila mtu anayelala mbali na bomba la maji: mkulima kwenye kibanda cha shambani, mfugaji aliyehamisha ng'ombe, mvuvi aliye dago, na mchoma mkaa porini.

SUMU HUPITA KWENYE NGOZI

Tumezoea kusema "dawa ya pamba" au "dawa ya kupe". Jina hilo linatudanganya. Dawa ya zahanati huponya. Dawa ya wadudu ni sumu. Kazi yake ni kuua.

Watu wengi wanadhani kwamba sumu huua mtu akiinywa tu. Sivyo. Baadhi ya sumu za wadudu hupita kwenye ngozi zikaingia kwenye damu. Kichwa, uso, kwapa na sehemu za siri hupitisha sumu upesi kuliko kiganja cha mkono. Ngozi yenye joto na yenye maji hupitisha zaidi. Mtu anayeoga kwa bomba la sumu anailowesha ngozi yake na kuisugua. Ni kama anaifungulia sumu mlango.

Kijana yule alikuwa tayari ameingiwa na sumu kidogo wakati wa kunyunyiza. Bomba likamwongezea.

Labda utasema, "Mimi nalisuuza bomba langu vizuri." Kulisuuza ni jambo jema, lakini hakumalizi sumu. Sumu hunywewa na plastiki ya bomba. Hubaki ndani ya mpira, ndani ya kichujio, na kwenye mdomo wa bomba. Huioni kwa macho, na pengine huinusi. Kwa hiyo shika neno hili: bomba likishatiwa sumu hata mara moja, haliwi tena bomba la kuogea. Vivyo hivyo, dumu au chupa iliyokuwa na sumu haiwi tena chombo cha maji.

Tena usisuuzie bomba lamboni wala kisimani. Ng'ombe watakunywa sumu, samaki watakufa, na jirani yako atachota maji hayo apikie watoto. Maji ya kusuuzia yanyunyize shambani, juu ya zao lile lile ulilonyunyiza.

LAMBO NALO LINA HATARI YAKE

Mama yule alisema kweli. Katika malambo, mito ya maji yanayokwenda polepole na pembezoni mwa ziwa, kuna konokono wadogo. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huingia humo. Vijidudu hutoka katika mayai, huingia kwa konokono na kuzaliana. Kisha hutoka kwa wingi, hasa jua linapokuwa kali, wakaogelea kumtafuta mtu.

Ukiingia majini, vijidudu hivi hupenya ngozi yako kwa dakika chache tu. Huwaoni. Baada ya muda unaweza kukojoa damu, au kuharisha damu na kuumwa tumbo. Ugonjwa ukikaa miaka mingi bila kutibiwa, huharibu kibofu au ini. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Lakini ukipona leo na kesho ukarudi lamboni, utaugua tena.

Je, basi tuache kuoga shambani? Hapana. Mtu aliyenyunyiza sumu lazima aoge upesi kwa sabuni, na abadili nguo. Asipooga, sumu iliyo mwilini mwake huendelea kupenya, na akilala nayo ni hatari zaidi. Hata asiyenyunyiza anahitaji kuoga, kwa sababu uchafu huleta upele na vidonda, na uso mchafu wa mtoto huita nzi wanaoeneza ugonjwa wa macho.

Basi tunahitaji vitu viwili: maji yasiyo na vijidudu vya kichocho, na chombo kisicho na sumu.

KUPATA MAJI YA KUOGA

Kama kuna kisima kilichofunikwa au maji ya mvua, tumia hayo. Kama lambo ndilo peke yake, fanya hivi:

1. Chota bila kuingia majini. Simama juu ya jiwe au gogo, utumie ndoo yenye kamba. Kama una mabuti ya mpira, vaa. Chota asubuhi mapema, jua halijawa kali.

2. Weka maji hayo kwenye dumu lenye kifuniko kwa siku mbili kamili, yaani saa 48. Vijidudu vya kichocho visipompata mtu kwa muda huo hufa. Angalia konokono wasiwemo.

3. Uwe na madumu matatu, uyaandike 1, 2 na 3. Jumatatu jaza la 1. Jumanne jaza la 2. Jumatano jaza la 3. Jumatano jioni, saa 48 za dumu la 1 zitakuwa zimepita, lioge. Alhamisi asubuhi jaza tena la 1, na jioni oga la 2. Endelea hivyo. Kila siku jaza moja, tumia moja.

4. Kama huwezi kungoja, chemsha maji mpaka yatokote, kisha uyaache yapoe. Usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi ya lambo. Ukiongeza, umerudisha vijidudu.

Kumbuka: maji yaliyokaa siku mbili ni ya kuoga, si ya kunywa. Ya kunywa yachemshe.

KUTENGENEZA BAFU LA DUMU

Bafu hili ni jepesi. Unaweza kulifunga kwenye baiskeli na kwenda nalo popote. Unahitaji dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula, lenye mkono na kifuniko kinachokaza vizuri. Unahitaji pia msumari mwembamba, koleo na kamba imara.

1. Osha dumu kwa maji ya moto kiasi na sabuni mpaka mafuta yaishe.

2. Shika msumari kwa koleo, uupashe moto. Toboa matundu 10 madogo kwenye kitako cha dumu, katikati, yakiwa karibu karibu. Yasiwe makubwa. Yakiwa makubwa, maji hayatasimama.

3. Weka dumu ndani ya beseni safi, ujaze maji. Yatakayovuja yatabaki katika beseni. Kaza kifuniko.

4. Pitisha kamba kwenye mkono wa dumu, ulitundike kwenye tawi imara, juu kidogo ya kichwa chako. Maji lita 5 yana uzito wa kilo 5, kwa hiyo jaribu tawi kwanza.

Sasa legeza kifuniko. Maji yatatoka chini kama mvua. Kaza kifuniko. Yatadondoka kidogo, kisha yatasimama. Kwa nini? Maji hayawezi kutoka kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Kifuniko kikilegea, hewa huingia juu na maji hutoka chini. Kifuniko kikikazwa, hewa haina njia, na maji hubaki ndani.

Ukioga, legeza kifuniko mpaka mwili ulowe. Kaza. Jipake sabuni mwili mzima, usugue na kucha. Legeza tena ujisuuze kuanzia kichwani. Kwa njia hii lita 5 humtosha mtu mzima. Dumu la lita 20 litaogesha watu wanne. Lakini aliyenyunyiza sumu asibane maji. Yeye ajisuuze zaidi, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Chini ya bafu panga mawe ili usikanyage matope. Chagua mahali palipo mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Maji yasituame, maana mbu na nzi hupenda maji machafu.

NA MABOMBA YA KUOGEA YA DUKANI?

Siku hizi yapo mabomba madogo ya kuogea yanayobebeka. Watu wanaolala kwenye mahema huyatumia. Mengine hupigwa kwa mkono au kwa mguu. Hewa hushindiliwa ndani kama unavyojaza gurudumu la baiskeli, nayo husukuma maji kwenye mpira. Mengine yana betri, nayo huvuta maji kutoka kwenye ndoo.

Bomba la namna hii ni zuri. Hata bomba jipya la mgongoni, ambalo halijaguswa na sumu, laweza kufanya kazi hiyo. Lakini fuata haya:

1. Nunua jipya. Usinunue wala kuazima lililotumika, hata ukiapiwa kwamba ni safi.

2. Andika juu yake kwa rangi: MAJI TU. Hili ndilo jambo ambalo kusoma kwetu kunatusaidia. Atakayelishika akiweza kusoma maneno hayo mawili, hatatia sumu.

3. Litunze nyumbani, si katika stoo ya sumu. Usimwazime mtu wa kunyunyiza.

4. Chuja maji kwa kitambaa safi ili mdomo wa bomba usizibe. Ukiziba, usiupulize kwa kinywa.

5. Toa hewa yote kabla ya kufungua kifuniko, kisichomoke kikakuumiza.

6. Ukimaliza, mwaga maji yaliyobaki, ulianike kivulini.

UKIONA MTU AMEINGIWA NA SUMU

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, jasho jingi, mate na machozi kutoka, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kuchezacheza, na kupumua kwa shida. Mtu huyu anaweza kufa. Fanya upesi:

1. Mwondoe penye sumu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, umvue nguo zote.

2. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele na kucha. Kama sumu imeingia machoni, mmwagie maji safi machoni kwa dakika 15.

3. Usimtapishe. Usimpe maziwa. Mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie.

4. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja. Chukua karatasi ya sumu ile au chupa yake iliyofungwa, ili mganga ajue ni sumu gani. Dawa ya kumsaidia ipo, lakini akichelewa huenda isimwokoe.

Kijana yule aliokoka kwa sababu mwenzake hakungoja kesho.

Mwezi uliopita nilipita shambani kwao. Kwenye mwembe niliona dumu la mafuta ya kula limetundikwa, na mawe yamepangwa chini yake. Bomba la sumu lilikuwa limefungiwa peke yake mbali na kibanda. Mama yule akacheka, akasema, "Daktari, mvua yangu naifunga na kuifungua mwenyewe."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kusuuza bomba la sumu hakutoshi kulifanya bomba la kuogea?

2. Maji ya lambo yakae muda gani kabla ya kuogewa? Kwa nini?

3. Katika kijiji chenu, madumu ya sumu yaliyokwisha hupelekwa wapi? Yapo yanayochotewa maji?

4. Kazi ya mikono: kila kikundi kitengeneze bafu la dumu moja, kilete darasani siku ya pili, mlijaribu pamoja.