Choo Kigumu Baada ya Upasuaji wa Kizazi

Mwanamke aliyeondolewa kizazi, au aliyerekebishwa kizazi kilichoshuka, huruhusiwa kwenda nyumbani na maelekezo mengi: asinyanyue ndoo, asishiriki tendo la ndoa kwa wiki kadhaa, arudi kliniki kidonda kikaguliwe. Kuhusu choo pengine haambiwi kitu. Hilo ni kosa, kwa sababu yanayofunga choo baada ya upasuaji yanajulikana hata kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Dawa kali za maumivu kama morfini, kodeini na tramadoli hupunguza mwendo wa utumbo, na mwili hauizoei athari hiyo kirahisi. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukaza choo. Juu ya hayo kuna kulala muda mrefu, kunywa maji kidogo, na hofu ya nyuzi kukatika inayomfanya ajizuie. Choo kikicheleweshwa, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji. Siku akienda itabidi ajikamue, na kujikamua ndiko kunakokandamiza sehemu iliyotoka kushonwa.

Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi au sena, ianze pamoja na dawa hizo za maumivu, isisubiri siku ya nne tumbo likiwa limeshajaa. Wapo wanaosema utumbo utaizoea. Hofu hiyo haina uzito kwa matumizi ya siku chache chini ya uangalizi. Wengine hutegemea papai na maharage peke yake. Ni vyakula vizuri, lakini makapi bila maji ya kutosha, katika utumbo uliopunguzwa mwendo na dawa, huongeza tu mzigo. Na wanaomnyima mgonjwa chakula mpaka atoe hewa wajue kuwa uchambuzi wa Cochrane wa 2014, kuhusu upasuaji mkubwa wa tumbo kwa magonjwa ya wanawake, ulionyesha kuwa kula ndani ya saa 24 ni salama na huwahisha utumbo kurudia kazi. Kuacha dawa za maumivu si suluhisho pia: anayeumia hatembei, na kutembea ni nusu ya tiba (parasetamoli, kwa wanaoruhusiwa, hupunguza haja ya dawa kali).

Dada, kabla hujatoka wodini muulize muuguzi utatumia nini kulainisha choo, na kwa siku ngapi. Ila tumbo likivimba, ukatapika na hewa isitoke, usimeze chochote cha kuharisha. Rudi hospitali siku hiyohiyo.