Einstein pekee aweza kueleza mzunguko wa galaksi?

NYOTA zilizo pembezoni mwa galaksi hukimbia kuliko inavyotarajiwa. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1970, pale wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walipochapisha vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda.

Kwa kanuni za Newton, kilicho mbali na kitovu huenda polepole. Zebaki hulizunguka Jua kwa kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni kwa kilomita 5 tu. Katika galaksi sivyo. Jua letu huenda kwa kilomita zipatazo 220 kwa sekunde, na nyota zilizo mbali zaidi haziachwi nyuma sana, ingawa uvutano wa vitu vinavyoonekana hautoshi kuzizuia zisichopoke.

Jibu la wataalamu wengi ni maada ya giza, isiyotoa nuru wala kuizuia, ikikadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maada yote ulimwenguni. Hata hivyo, hakuna maabara iliyokwisha kuthibitisha kuinasa chembe yake.

Mwaka 2005, Fred Cooperstock na Steven Tieu wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walidai kwamba kosa ni kumtumia Newton mahali pa Einstein. Walikokotoa mizunguko ya galaksi nne, yetu ikiwamo, kwa nadharia ya jumla ya uhusianifu, wakasema maada inayoonekana yatosha.

Hoja hiyo ilikuwa na mfano wa kuvutia. Mwaka 1859, Mfaransa Urbain Le Verrier alihisi kwamba mwendo wa Zebaki unavurugwa na sayari iliyojificha. Sayari hiyo haikuonekana kamwe; mwaka 1915 Einstein aliueleza mwendo huo bila kuihitaji. Lakini ni Le Verrier huyohuyo aliyebashiri Neptuni, nayo ikaonekana mwaka 1846.

Wakosoaji hawakukawia. Mwaka huohuo wa 2005, Mikołaj Korzyński wa Poland alionyesha kwamba milinganyo ya wawili hao imebeba diski nyembamba ya maada ambayo haiwezekani kuwapo katika galaksi halisi. Kwa maneno mengine, maada iliyofukuzwa hadharani ilirudi kinyemela.

Pingamizi jingine ni la hesabu. Kasi ya Jua haifikii hata sehemu moja ya elfu ya kasi ya nuru, na tofauti kati ya Einstein na Newton hutegemea mraba wa uwiano huo: takriban sehemu moja kati ya milioni mbili. Ni kama kulipa deni la shilingi milioni mbili kwa shilingi moja.

Wazo lenyewe halikuzikwa. Mwaka 2020, Mariateresa Crosta wa Italia na wenzake walitumia vipimo vya chombo cha anga cha Gaia, wakakuta kielelezo cha uhusianifu kinalingana na mwendo wa nyota za Njia Nyeupe sawa na kile cha maada ya giza.

Ila mzunguko si ushahidi pekee. Mwaka 2006, watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa makundi mawili ya galaksi yaliyogongana. Gesi, iliyo sehemu kubwa ya maada inayoonekana humo, ilikwama katikati. Uvutano mkubwa ulikutwa pembeni, mbali na gesi hiyo. Uvutano huo ulipimwa kwa namna unavyopinda nuru, kipimo kinachotokana na nadharia ileile ya Einstein.