Mkopo wa Simu na Daftari la Mchuuzi

Tangu mwezi wa Machi, 2007, ulipoanzishwa utaratibu wa M-Pesa katika nchi ya Kenya, mchuuzi wa sokoni ameweza kupeleka na kupokea fedha bila ya kusafiri mpaka benki iliyo mbali. Mwezi wa Novemba, 2012, ulifuata M-Shwari, na hata mtu asiye na shamba la kuweka rehani akaweza kukopa. Manufaa yake ni makubwa. Lakini kupata fedha ni jambo moja, na kujua bei ya fedha hizo ni jambo jingine.

Mathalani, mama auzaye nyanya akopa shilingi 2,000 kwa ada ya asilimia 7.5, kama ilivyotozwa na M-Shwari ilipoanza. Baada ya siku 30 yampasa kulipa shilingi 2,150. Aona shilingi 150 ni kama nauli tu. Lakini akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 1,800, karibu sawa na fedha zenyewe alizokopa! Mfuko wa Serikali uitwao Hustler Fund, ulioanzishwa Novemba, 2022, uliwekewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa fedha zizo hizo, riba ya siku 14 haifiki shilingi 7. Wako wasikiao 7.5 na 8 wakadhani ya kwanza ndiyo nafuu, kwa kuwa hawakuuliza ni kwa muda gani.

Hata hivyo, mkopo wa ada kubwa si mbaya kila mara. Ikiwa mama huyo hununua nyanya alfajiri na kuziuza kabla ya jioni, fedha zile zitazunguka mara nyingi kabla ya siku 30 kwisha, na faida yaweza kuipita ada. Zikilipa karo ya mtoto, hazizunguki. Deni litalipwa kwa mtaji, na meza yake sokoni itapungukiwa na bidhaa.

Hapo ndipo daftari lina kazi. Kila jioni yafaa aandike fedha zilizoingia, zilizotoka, na nyanya zilizopikwa nyumbani (hizi ndizo zisahauliwazo sana). Asiyeandika hudhani mauzo yote ni faida.

Tena amwangalie anayemkopesha. Tangu mwaka 2022, wakopeshaji wa simu wasio benki hutakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, nayo hutangaza majina ya waliopewa. Mchuuzi na alitafute jina hilo kabla ya kutoa namba ya kitambulisho chake.