Mahameli Nyeusi Nyuma ya Kikaragosi

Vikaragosi wengine wa televisheni hawachezi mbele ya nyumba wala bustani. Nyuma yao ni weusi mtupu, na anayewachezesha naye kavaa nyeusi kutoka kichwani hadi kwenye glavu. Taa hupigwa kutoka ubavuni, kamera ikarekebishwa kumfaa kikaragosi peke yake, na kila kilichopata mwanga hafifu mno kikapotea kwenye picha. Kitambaa kinachopendwa ni mahameli, kwa kuwa manyoya yake mafupi yaliyosimama wima hunasa mwanga, ukadundadunda humo mpaka ukaisha. Jiří Srnec wa Prague alianzisha kikundi chake cha maigizo juu ya hila hii mwaka 1961.

Mkono umefichika, sawa. Lakini kwa nini tunakubali kwamba kile kidubwana kina uhai?

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, alieleza jaribio lake. Alibandika vipande vya kuakisi mwanga kwenye viungo vya mtu: mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo vya mikono na miguu. Akamrekodi kwa video, kisha akapunguza mwangaza wa kioo cha televisheni mpaka mwili wote ukazama gizani, zikabaki nukta kumi na kitu. Mtu alipotulia, watazamaji waliona nukta tu, hazina maana yoyote. Alipopiga hatua, papo hapo wakasema: huyu anatembea! Baadaye Johansson aligundua kuwa sehemu moja ya tano ya sekunde inatosha.

Ni kipaji kilekile kinachokuwezesha kumjua jirani yako wakati wa magharibi, kwa mwendo, kabla uso wake haujaonekana. Na huenda hatukijifunzi. Vifaranga walioanguliwa gizani, macho yao hayajaona kitu, walizifuata zaidi nukta zenye mwendo wa kiumbe hai kuliko zilizotawanyika ovyo. Kichekesho ni kwamba nukta zenye mwendo wa paka waliziendea sawa na zenye mwendo wa kuku.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, wanaohangaika kuchonga uso wa kikaragosi wiki nzima halafu wakamtikisatikisa tu mbele ya kamera wameweka jasho mahali pasipostahili. Mbele ya weusi, jicho halina pengine pa kukimbilia. Kila kosa la mwendo liko wazi.

Kosa kubwa huwa miguuni. Zile nukta za Johansson zikigeuzwa juu chini, wengi hushindwa kumtambua mtembeaji, na inaelekea ubongo hutegemea sana jinsi miguu inavyotupwa na kushuka kwa uzito wake. Mahameli nyeusi haina sakafu. Mchezeshaji ndiye anayepaswa kuiumba: kila unyayo utue kwenye kimo kilekile, na goti likunjike kidogo linapopokea mwili. Hapo huwasaidia wachezeshaji wa televisheni kutazama kioo kinachoonyesha picha ya kamera, si mikono yao.