Vishale vya Uani

Mtu apitaye Jumamosi asubuhi katika vitongoji vya Marekani, hasa siku za joto, aghalabu hukuta watu wametandaza mbele ya nyumba zao vyombo walivyovichoka au walivyorithi kwa wazee wao, wakiviuza kwa bei ya kutupa: vikombe, taa, vitabu, baiskeli za watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Ndugu zetu waliohamia huko hupata humo vitu vya kuanzia maisha, wala hapana aibu katika jambo hilo, kwani sisi ni watu wa mitumba na twaijua thamani ya kitu kilichokwisha kutumika. Lakini kimo chombo kimoja ambacho nataka msomaji akitambue kwa macho kabla hajakilipia, maana sanduku lake, lililokuwa na jina na maonyo, huenda limekwisha kuoza, na muuzaji mwenyewe akiulizwa ni nini yamkini asijue.

Ni kitu mfano wa mshale mfupi mnene, urefu wake kadiri ya inchi 12, upande mmoja una mapezi ya plastiki yenye rangi kali, na upande wa pili una chembe cha chuma kizito. Kwa kawaida huwa vinne, viwili rangi moja na viwili rangi nyingine, na pamoja navyo huwa pete mbili kubwa za plastiki. Aonaye pete peke yake hudhani ni za watoto. Aonaye vishale peke yake huweza kudhani ni vigingi vya hema.

Hivyo ni vishale vya uani, vilivyojulikana sana huko kwa jina la biashara la Jarts, mchezo uliopendwa katika miaka ya 1960 na 1970. Pete hulazwa majanini, moja huku na moja kule, na mchezaji hurusha kishale kwa kuuzungusha mkono kutoka chini kwenda juu, kikapaa hewani, kikageuka, kikashuka kichwa chini na kujikita udongoni. Kikiangukia ndani ya pete, kimepata alama. Ni ndugu wa mchezo wa kale wa kutupa viatu vya farasi, ila ndugu huyu hushuka kutoka juu, na ncha yake ndiyo itanguliayo.

Hapo ndipo ilipo hatari, nayo ni hatari iliyojificha, kwa kuwa ukiigusa ncha kwa kidole huioni kuwa kali hata ikutie hofu. Dhara lake halitoki katika ukali bali katika uzito: chuma kizito kikishuka kwa kasi, na nguvu yake yote ikakusanyika mahali padogo, hupenya fuvu la mtoto. Katika muda wa miaka minane iliyoishia 1986, watu wapatao 6,100 walitibiwa hospitalini kwa majeraha ya vishale hivi, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Kwa jumla, mmoja wao akiwa baada ya muda huo, watoto watatu walifariki, wa umri wa miaka 4, 7 na 13.

Serikali ilikuwa imekwisha kuchukua hadhari tangu 1970, ikaamuru visiuzwe kama vitu vya watoto, bali viwe mchezo wa watu wazima wenye onyo juu ya sanduku. Hadhari hiyo haikufaa kitu. Mwaka 1987, huko California, binti wa miaka 7 aliuawa na kishale kilichorushwa na mtoto mwenziwe; na baba yake, ambaye alikuwa amenunua sanduku la michezo kwa ajili ya mpira wa wavu tu, vishale vikiwa vimekaa humo bila ya kutumiwa, alikwenda Washington na hakukubali kunyamaza. Nami kila nikilifikiri jambo hili, huona kwamba onyo juu ya sanduku haliwezi kumlinda mtoto asiyejua kusoma, wala aliye upande wa pili wa ua asiyeuona mchezo. Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vishale hivi kuanzia tarehe 19 Desemba 1988, na Kanada ikafuata mwaka 1989.

Marufuku hiyo yahusu hata vilivyotumika, kwa hiyo auzaye barazani kwake avunja sheria, ijapokuwa hajui. Vipo vipya vinavyoruhusiwa, ambavyo kichwa chake ni cha plastiki, kinene, cha mviringo, wala hakijikiti; lakini chenye chembe cha chuma ni kile kilichopigwa marufuku, hata kiwe kizuri namna gani. Tume yasihi kwamba visitolewe zawadi wala kuuziwa mtu mwingine, bali viharibiwe: mapezi yavunjwe, chuma kitenganishwe, kisije kuokotwa jalalani na mtoto wa jirani. Pete mbili hazina dhara. Zilazwe majanini zilipolazwa zamani, watoto wakarushie ndani yake vifuko vya kunde.