Je, Wajua? Hewa Tupu Huweza Kuzaa Leza
Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kuwa hewa yenyewe yaweza kuwa leza, bila vioo. Walikusanya miali ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 226 kwenye nukta moja. Ikavunja molekuli za oksijeni na kuchangamsha atomi zake, zikatoa leza mpya ya nanomita 845 iliyorudi ilikotoka miali ile. Mtu atauliza: si lida, kifaa kinachopima kwa miali ya leza, hupima hewa tayari? Ndiyo, lakini lida hutegemea mwanga uliotawanyika kila upande, na unaorudi ni kiduchu mno. Mwanga wa leza hii ya hewa hurudi umeshikamana, ndiyo maana unafaa kusakia gesi chafu au mvuke wa baruti kwa mbali. Pingamizi zito ni umbali: urujuanimno huo hufifia upesi hewani, na jaribio lile lilifanyika maabarani.